Mheshimiwa wa Uani

Nilinunua kiti cha plastiki mahsusi kwa kutazama ndege. Nikakiweka uani chini ya mwarobaini, nikatulia kama mwali, nikingoja chozi, tetere na mnana. Namshukuru kunguru kwa kunipunguzia kazi: daftari langu sasa lina ndege mmoja tu.

Namsema huyu mwembamba wa shingo ya kijivu, si yule wa kwetu wa kifua cheupe, ambaye mtaani hapa siku hizi haonekani. Wa kijivu hakuzamia. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, enzi za Waingereza, kwa kazi rasmi ya kula taka. Zaidi ya miaka mia imepita, taka zipo, naye kajaa Dar es Salaam, Tanga hadi Mombasa. Sijaona mtumishi aliyelinda ajira yake kwa busara kama hiyo.

Na ni fundi. Nyumba yake juu ya mwarobaini ameisuka kwa waya wa kufungia nondo, uliotoka kwenye ujenzi wa jirani, pamoja na henga yangu moja. Jirani ananidai waya.

Lakini sifa yake kubwa ni ushirikiano. Kuku wangu alipototoa vifaranga tisa, kunguru alitua ukutani, akainamisha kichwa upande, akahesabu. Nikapiga makofi. Akasogea hatua mbili, kiungwana, kama anayempisha abiria. Mara mwenzake akatua nyuma ya kuku, akamvuta mkia. Mama wa watu alipogeuka kupigana, yule wa ukutani alishuka, akachukua kifaranga mmoja, akaondoka bila kelele. Vikoba vingapi vina uelewano huo? Wiki haijaisha, vifaranga wamebaki wawili na matumizi ya pumba yamepungua sana.

Sabuni ya kipande nayo huichukua. Sijui anafulia nini.

Mwaka 2024 Kenya walitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni 1. Nawatakia heri. Mimi nilimrushia huyu mmoja ndala, mara moja tu, nikamkosa. Wanaosema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake hawajafika kwangu. Tangu siku ile mke wangu anaanika nguo kwa amani, wageni wanapita salama, ila mimi nikitokeza tu, nashukiwa utosini. Nimejaribu kutoka na taulo kichwani, nimejaribu kanga ya mke wangu. Jirani alinisalimia "shikamoo mama". Kunguru hakukosea.

Wahenga walisema kunguru hafugiki. Ni kweli, anayefugwa ni mimi: ananiamsha kabla ya adhana, ananipangia saa za kutoka, na chakula changu nalia ndani.

Jana jioni nilimkuta amekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Nikabaki mlangoni, kimya, nikimtazama. Yeye alikuwa anawatazama vifaranga wawili.