Juu ya Uzembe Unaosingiziwa Kompyuta katika Studio za Chumbani

Studio ya chumbani, kwa maana inayokusudiwa hapa, ni chumba cha kulala ambacho mwenyewe hukitumia pia kurekodia muziki, na ambacho katika jiji kama Dar es Salaam hutambulika kwa godoro lililoegemezwa ukutani, trei za mayai zilizogundishwa juu ya kitanda kwa imani kwamba zitazuia sauti isifike kwa jirani (jambo ambalo trei hailiwezi, na jirani yuko tayari kulitolea ushahidi), maikrofoni iliyovalishwa soksi, na kompyuta mpakato iliyonunuliwa Kariakoo baada ya kuchoshwa na mtu mwingine katika nchi nyingine. Katika vifaa vyote hivyo, ni kompyuta peke yake inayolaumiwa. Sauti ikikwaruza, imekwaruzwa nayo. Wimbo ukiganda katikati, umegandishwa nayo. Na mwimbaji akisahau ubeti wa pili, huelezwa kwamba mashine ndiyo iliyomkata stimu. Mashine hiyo hiyo, ikumbukwe, asubuhi imeandika barua za maombi ya kazi za nyumba nzima, mchana imeonyesha tamthilia za Kituruki, na jioni imechezewa mpira na watoto wa mwenye nyumba. Usiku ndipo inapotakiwa iwe studio.

Tiba zinazopendelewa zinastahili kutajwa kabla ya chanzo cha maradhi, kwa kuwa baadhi yake ni maradhi kamili. Inayoongoza kwa umaarufu ni kurifreshi, yaani kubofya kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini na kuchagua amri inayochora upya vile vipicha vya mafaili, kitendo ambacho hurudiwa mara nyingi kwa uso wa ibada ingawa hakiipunguzii kompyuta kazi yoyote, bali huiongezea ile ya kuchora. Inafuata programu ya kuongeza kasi, ambayo hupakuliwa bure, hujiwasha kila kompyuta inapowashwa, hukaa ndani ya kumbukumbu muda wote ikipima jinsi kumbukumbu ilivyojaa, kisha katikati ya kurekodi hupiga kengele kutoa taarifa kwamba kompyuta imekuwa nzito. Tiba ya mwisho, ambayo mafundi wengi huitoa bila kusikiliza dalili, ni kupiga windo, maana yake kufuta kila kilichomo na kusimika mfumo endeshi upya. Hapo kompyuta hurudi nyepesi kweli, kama nyumba iliyoibiwa inavyokuwa na nafasi, na baadaye hugundulika kwamba albamu iliyokuwa imefika nusu ni miongoni mwa vilivyofutwa.

Kosa la msingi la tiba hizo ni kudhani kwamba kurekodi kunahitaji kompyuta yenye mbio, ilhali inayohitajika ni kompyuta inayowahi. Sauti inayoingia kwenye maikrofoni hupimwa mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila kipimo huitwa sampuli. Kwa kiwango kilichozoeleka tangu CD zilipoanza kuuzwa mwaka 1982, sampuli ni 44,100 kwa sekunde. Kompyuta haizishughulikii moja moja, bali huzikusanya kwanza katika kisehemu cha kumbukumbu kinachoitwa bafa, na bafa ikiwa ya sampuli 256, basi kila baada ya milisekunde 5.8 (milisekunde ni sekunde iliyogawanywa kwa elfu) fungu zima lazima liwe limekwisha kupigiwa hesabu na kukabidhiwa, pamoja na mwangwi na mapambo mengine yote aliyoyaagiza mtayarishaji. Fungu likichelewa, spika hazisubiri, na pengo hilo husikika kama mkwaruzo. Ndiyo maana kompyuta inaweza kutumia theluthi moja tu ya nguvu zake kwa wastani na bado ikakwaruza, kwa kuwa wastani haumsaidii aliyechelewa mara moja, hasa mara hiyo ikiangukia kwenye kiitikio. Ni haki pia kubainisha kwamba anayeudhiwa na ucheleweshaji huo wa milisekunde ni mwimbaji aliyeambiwa afike saa nane na akaingia saa kumi na moja, akiwa na marafiki watatu na chipsi.

Suluhisho linaloonekana jepesi ni kuikuza bafa. Ikifikishwa sampuli 1,024, kompyuta hupata milisekunde 23 za kumaliza kila fungu na mikwaruzo hukoma, lakini mwimbaji anayejisikiliza kupitia hedifoni huanza kuisikia sauti yake ikimfuata nyuma, kwa kuwa muda huo ni ule ambao sauti huutumia kusafiri mita nane hewani, na hulipwa mara mbili, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Mwimbaji hupunguza mwendo ili aisubiri sauti yake, sauti nayo huzidi kubaki nyuma kwa adabu ile ile, na wimbo uliotungwa kwa ajili ya harusi huishia kuwa wa msiba. Wazoefu hutumia bafa ndogo, ya 128 au 256, wakati wa kurekodi, na kubwa wakati wa kuchanganya sauti, ambapo hakuna anayejisikiliza. Aliye na kadi ya sauti ya nje, yaani kile kisanduku kinachounganisha maikrofoni na kompyuta kwa waya wa USB, mara nyingi anacho pia kitufe cha kumrudishia mwimbaji sauti yake moja kwa moja kabla haijapita kwenye kompyuta, ila kitufe hicho hukaa miaka bila kuguswa kwa kudhaniwa kuwa ni cha urembo. Kwa watumiaji wa Windows huongezeka suala la draiva, ambayo ni programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa: ASIO, iliyoletwa na kampuni ya Steinberg ya Hamburg mwaka 1997, hupitisha sauti njia ya mkato, badala ya kuipeleka kwanza mahali ambapo mfumo endeshi huichanganya na milio ya ujumbe unaoingia.

Baada ya bafa, mzigo mkubwa ni plagini, yaani programu ndogo zinazopachikwa ndani ya programu ya kurekodia ili kubadilisha sauti au kutoa sauti za ala. Mtayarishaji mwenye sauti kumi na nne za kuitikia huweka mwangwi kumi na nne uliofanana kila kitu, na kila mmoja hudai hesabu zake, ilhali mmoja tu uliowekwa kwenye njia ya pamoja ungezihudumia zote. Na sauti zilizokamilika zinaweza kugandishwa, maana yake programu hupiga hesabu mara moja, huandika matokeo kuwa faili la sauti na kuzipumzisha plagini husika. Plagini zilizoletwa kwa flashi ya rafiki, ambazo leseni yake imevunjwa na mtu asiyejulikana, zina sura yake: baadhi huja na mgeni aliyejificha, anayeitumikisha kompyuta kuchimba sarafu za kidijitali kwa manufaa ya tajiri aliye bara jingine. Wapo pia wanaopandisha sampuli hadi 96,000 kwa hoja kwamba namba kubwa ni ubora, wakiongeza kazi zaidi ya maradufu, kisha wimbo huo husambazwa kwa WhatsApp na kusikilizwa kwa spika ya simu iliyotumbukizwa ndani ya glasi.

Lakini mada ambayo ingefaa kuandikiwa kitabu kizima ni joto. Prosesa, yaani kile kitovu kinachopiga hesabu zote, ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na hapo fungu lililokuwa likiwahi huanza kuchelewa. Sasa, ili kurekodi Dar es Salaam mwezi wa Januari, dirisha hufungwa kwa sababu ya bodaboda, mlango hufungwa kwa sababu ya watoto, na feni huzimwa kwa sababu maikrofoni huisikia. Kompyuta nayo, kwa kukosa meza, huwekwa juu ya kitanda, ambako shuka huziba matundu yake ya kuvutia hewa. Chumba chenye watu watano kikishapata moto, feni ndogo ya ndani ya kompyuta huanza kuvuma kuliko ile kubwa iliyozimwa, na mvumo huo huingia kwenye maikrofoni. Mtayarishaji, akiwa mtu wa maarifa, huongeza plagini ya kuondoa mvumo. Plagini huongeza hesabu, hesabu huongeza joto, joto huongeza mvumo, na mvumo ulioongezeka huhitaji plagini ikazwe zaidi. Umeme ukikatika, na hukatika, kompyuta huingia kwenye betri na kujipunguzia nguvu kwa kubana matumizi, hivyo mwimbaji anayeona giza kuwa fursa ya kurekodi bila kelele za redio ya jirani hupewa mashine yenye mwendo mdogo kuliko yote. Ubao mgumu chini ya kompyuta, vizibo viwili vya soda vya kuinulia nyuma, na fundi wa kuondoa vumbi na kubadilisha ile pesti inayopitisha joto la prosesa hufanya zaidi ya programu yoyote ya kuongeza kasi.

Kuhusu diski hakuna haja ya maneno mengi. Diski ya kuzunguka ya kompyuta mpakato kwa kawaida hufanya mizunguko 5,400 kwa dakika, kwa hiyo kungoja nusu mzunguko, ambao ndio wastani, huchukua milisekunde 5.6, takriban muda wote wa ile bafa ya 256. Programu za kurekodia husoma mbele mapema ili kujikinga, lakini kumbukumbu ya gigabaiti nne ikijaa na mfumo endeshi ukaanza kuihamishia sehemu yake diskini, kinga hiyo hailindi chochote. SSD, ambayo ni diski isiyo na kitu kinachozunguka, pamoja na kumbukumbu ya gigabaiti nane, huifanya kompyuta ya zamani ifae kwa kazi ya sauti, na gharama yake ni ndogo kuliko ya mashine nyingine. Anayelazimika kununua nyingine aombe kifuniko cha chini kifunguliwe mbele yake, kwa sababu baadhi ya kompyuta nyembamba zina kumbukumbu iliyolehemewa kwenye ubao mkuu na haiongezeki, na muuzaji akikataa kufungua, maduka ya Kariakoo ni mengi.