Mgonjwa Mzazi, Anayemeza Dawa Mtoto

Mwezi wa tatu ukishaingia, nyumba yenye mtoto wa kidato cha sita haikaliki. Televisheni inazimwa, wageni wanaombwa wanong'one, na baba ambaye hajawahi kufungua daftari la mwanawe tangu darasa la kwanza anaanza ghafla kuulizia bei ya tuisheni. Mtihani ni Mei. Mtoto mwenyewe mara nyingi katulia, anakula vizuri, analala vizuri zaidi. Anayekesha akitazama dari ni baba. Ndiyo maana nashikilia kwamba tuisheni ya mitihani, kama tunavyoijua Dar es Salaam, Mwanza na hata Nairobi, inamtibu mzazi kwanza. Mgonjwa ni yeye, ila kwa utaratibu wa ajabu dawa anaimeza mtoto, tena Jumamosi alfajiri, kabla ya chai.

Ugonjwa wenyewe unaeleweka. Mzazi hawezi kumfanyia mwanawe mtihani, hawezi kuingia naye chumbani, wala hawezi kumsomea fizikia akaelewa kwa niaba yake. Kati ya yote anayotamani kufanya, lililobaki mikononi mwake ni kulipa, basi analipa, na akishalipa anasinzia. Kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu si mlima wa kumtoa mtu jasho: pasi kuu 2 zenye jumla ya pointi 4. A ina pointi 5 na D ina 2, kwa hiyo D mbili zinakufikisha mlangoni, ingawa kwenye mlango wa udaktari utazungushwa sana. Lakini baba hapigi hesabu za chuo, anapiga hesabu za jirani. Mtoto wa jirani anakwenda tuisheni sehemu mbili, kwa hiyo wa kwake ataandikishwa sehemu tatu, na ya tatu itakuwa ya somo ambalo halimo hata kwenye kombi yake, alimradi jina la mwalimu linatajwa mtaani.

Atakayesema tuisheni ndiyo inayofaulisha atusaidie kwanza na mambo mawili. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, takriban asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa wamepata sifuri. Nchi ikatikisika, tume ikaundwa, na ilipofika Mei serikali ikayafuta matokeo hayo, yakapangwa upya. Maelfu waliolala wamefeli wakaamka wamefaulu. Kati ya Februari na Mei hakuna mtahiniwa aliyeongeza hata mstari mmoja kwenye majibu yake, maana karatasi zilikuwa zimeshakusanywa tangu mwaka uliotangulia. Kilichoongezeka ni huruma ya viwango. Kenya nao walikuwa na yao. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata A katika KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Mwaka uliofuata waziri wa elimu, Fred Matiang'i, akaamuru karatasi zifungiwe kwenye makontena yenye ulinzi, walimu wakuu wazifuate wenyewe asubuhi ya mtihani, na hata zile siku za maombi shuleni za muhula wa tatu zikapigwa marufuku. A zikashuka hadi 141. Simtuhumu mtu yeyote. Nasema tu kwamba walimu wa tuisheni walikuwepo miaka yote miwili, na kumbe kufuli lilikuwa na uzito kuliko wote kwa pamoja.

Ingia basi kwenye chumba chenyewe uone kinachouzwa. Ubao mweupe, kalamu ya wino inayokaribia kukata roho, vijana wamebanana kwenye mabenchi hadi wa pembeni anasoma kwa mguu mmoja nje. Leo ni praktikali ya kemia, na chumbani hakuna chupa hata moja. Haijalishi. Mwalimu anatangaza chumvi ya shaba, vijana wanajibu: matone machache ya amonia, mashapo ya bluu mpauko! Ukizidisha? Yanayeyuka, bluu iliyokoza! Yote haya kwa Kiingereza, lugha ambayo mwalimu huiweka pembeni kila anapotaka aeleweke. Darasa zima linaitikia kwa mahadhi, na mzazi anayesikiliza ng'ambo ya ukuta anapata nafuu ile ile aliyoilipia. Siku ya mtihani kijana anashika testi tyubu kwa mkono wake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Chumvi aliyopewa ni ya zinki. Mashapo ni meupe pee, na akizidisha amonia yanatoweka, kimiminika kinabaki bila rangi yoyote. Kijana anakitazama, anakikodolea macho, kisha anaandika "bluu iliyokoza". Macho yake hayajalipiwa ada, wimbo umelipiwa.

Halafu kuna utabiri. Wiki mbili kabla ya mtihani, mwalimu anatoa orodha ya maswali yatakayotoka, kwa sauti ya mtu aliyeota. Orodha ni ndefu kiasi kwamba imemeza silabasi karibu yote, atakosaje? Yakitoka maswali matatu, habari zinafika hadi kituo cha daladala. Yasipotoka, Baraza la Mitihani ndilo lililokengeuka.

Najua nitaambiwa: mbona wapo waliokwenda tuisheni na wakapata divisheni wani? Wapo, na picha zao zimepangwa kwenye bango la kituo cha tuisheni, wamevaa tai. Waliopata sifuri kwenye mabenchi yale yale hawakupigwa picha. Isitoshe, mtoto mwenye nauli ya kwenda tuisheni ana pia taa, meza, vitabu, na mama anayeulizia daftari. Ukimwondolea tuisheni pekee, sijui kama taa ingezimika. Msomi zaidi atanitupia Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, ambaye mwaka 1984 aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake na mwalimu wake aliwapita takriban asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Utafiti wa baadaye umeipunguza makali namba hiyo, ila tuseme ni kweli. Bloom alizungumzia mtoto anayekosea, akasahihishwa, akajaribu tena mpaka aelewe. Hakuzungumzia vijana waliojazana uani na mwalimu mwenye spika. Kumtaja Bloom pale ni kumvunjia heshima marehemu.

Pingamizi moja nalikubali bila kubishana. Kuna shule ambazo hazina mwalimu wa hesabu tangu Januari, au zinaye mmoja kwa mikondo yote, naye akifika nusu ya silabasi amekwishiwa nguvu. Mtoto wa shule hiyo akimpata mtu wa kumwelekeza logarithimu, huyo ndiye mwalimu wake, na jina la haki la anachopata ni shule, imetokea tu kwamba inaanza saa kumi jioni na inalipiwa mara ya pili. Hapo kicheko changu kinakoma. Kinarudi nikimfikiria yule mwalimu anayeiacha mada ya moli njia panda saa nne asubuhi, ili aimalizie kwake jioni kwa ada.

Wengine watasema tupige marufuku. Kenya ina sheria tangu 2013 inayokataza tuisheni ya likizo: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Korea Kusini walianza mapema zaidi. Mwaka 1980 serikali ya kijeshi ilipiga marufuku ufundishaji wa binafsi, na mwaka 2000 mahakama ya katiba ikaona marufuku hiyo inavunja katiba. Katikati hapo wazazi hawakuacha kulipa, walijifunza kulipa gizani, kwa bei ya gizani. Marufuku humkamata mwalimu na kumtisha mtoto, na mgonjwa mwenyewe anabaki nyumbani na homa yake, akitafuta namba ya simu ya mwingine.

Mimi ningeandika sharti moja tu kwenye risiti: aliyelipa ahudhurie Jumamosi ya kwanza. Baba aamke saa kumi na moja, akae benchi la pembeni kwa mguu mmoja, aimbe rangi za mashapo ambazo hajawahi kuziona. Kufika saa tatu atakuwa ameshanyoosha mkono, si kwa ajili ya swali, anaomba ruhusa ya kwenda nje. Na nipo tayari kuweka dau kwamba harudi, na ada hataidai.