Harusi Iliyokataa Kufunguka

Bibi hakwenda Mwanza. Mguu ulioteguka mwezi wa Ramadhani ulikuwa bado umevimba, na safari ya basi kutoka Tanga, ya zaidi ya kilomita 1,000, hakuna aliyethubutu kumpendekezea. Aliyeolewa ni wifi yangu, mjukuu ambaye Bibi alimlea mwenyewe tangu akiwa mchanga. Tuliporudi kutoka harusini Bibi alitukataza kumsimulia hata neno. Mpiga video ameahidi kuituma harusi nzima kwa kiungo, akasema, basi ataiona kwa macho yake, kuanzia kesha mpaka bibi harusi anatolewa nje.

Kiungo kilipofika alikabidhiwa mtoto wa shemeji, kijana wa kidato cha nne. Alishusha mafaili usiku, wakati bando ni rahisi, akayaweka kwenye skrini ya mwanzo ya kompyuta ili Bibi asihangaike kutafuta folda. Moja lilikuwa na mkia wa herufi asizozijua baada ya jina. Akaufuta, akaliacha liishie na .mp4 kama wenzake, akaenda kulala.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Mkeka umetandikwa, kahawa iko jikoni, majirani wawili wamekuja na kanga zao mpya. Kompyuta ikawashwa. Vialama vya skrini vikajitokeza, vikakaa kidogo, vikatoweka vyote pamoja na ule mstari wa chini. Vikarudi. Vikatoweka tena. Ukigusa puku, hakuna kinachokusikiliza. Ukizima na kuwasha, yale yale.

Shemeji alisema ni virusi, na hakusema ovyo. Wapo wanaotega watu kwa faili lenye jina la filamu linaloishia na .mp4.exe, na Windows kwa kawaida huficha ule mwisho wa kweli, kwa hiyo mtu anabofya programu akidhani anabofya picha. Ila shemeji hakutaka kuchunguza. Alikwisha mpigia fundi wa mtaani, na fundi kwa simu tu, bila kuiona mashine, akatoa hukumu: iletwe ipigwe Windows upya.

Hapo nilisimama mlangoni. Ndani ya kompyuta ile kuna sauti ya marehemu baba mkwe akisoma maulidi sebuleni kwetu, kuna picha za watoto wakiwa wachanga, na vyote vimehifadhiwa upande wa C, upande ule ule unaofutwa Windows inapopigwa. Nina hasira ya kweli na desturi hii. Familia ngapi zimepeleka mashine dukani kwa kosa la nusu saa, ikarudi nyeupe, inawaka vizuri, na haina hata sura moja ya waliokufa? Fundi anayeanza kwa kufuta hajatibu kitu. Hajui ugonjwa ulikuwa nini, na ukirudi kesho atafuta tena.

Nikamwomba Baba Watoto anipe nafasi kabla mashine haijatoka nyumbani. Alinijibu, “Haya Mama, lakini Bibi asikae mpaka Magharibi bila jibu.”

Jambo la kwanza kuuliza ni kipi hasa kinachoanguka. Kompyuta nzima haikuwa imezima. Feni inazunguka, kishale kinasogea. Kilichokuwa kikianguka na kuinuka ni ile programu ya Windows inayochora vialama, folda na mstari wa chini. Na programu hiyo ina tabia ambayo wengi hawaijui: ikikutana na faili la video hailingoji libofywe. Inalifungua yenyewe kimyakimya, inatafuta fremu moja, inaipunguza na kuifanya kijipicha cha kuonyesha. Faili likiwa bovu, na kodeki iliyopewa kazi ya kulisoma ikiwa mbovu pia, ile kodeki inaanguka na kuiangusha programu nzima. Windows inaiinua, inaona tena faili lile lile, inaanguka. Lingekuwa ndani ya folda, tatizo lingetokea siku folda ikifunguliwa. Kwetu lilikuwa skrini ya mwanzo, kwa hiyo mashine haikupata pumzi tangu kuwashwa.

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la kusimamia programu halitegemei vialama, likafunguka. Kutoka humo niliita cmd, kile kidirisha cheusi kisichochora kijipicha cha kitu chochote, nikaingia sehemu ya Desktop, nikaandika dir. Majina yakapangika na ukubwa wake. Hakuna lililoishia na .exe. Shemeji akaja akasoma mwenyewe, akavuta kiti. Kisha kwa amri ya move nikayahamishia mafaili yote ya harusi kwenye folda ya pembeni upande wa D. Vialama vikarudi na kutulia. Majirani wakapiga vigelegele kana kwamba bwana harusi ameingia.

Kabla ya jingine lolote, sauti ya baba mkwe na picha zote zilinakiliwa kwenye diski ya nje. Hilo halikungoja.

Kisha tukaweka chaguo la Windows la kuonyesha vialama tu pasipo vijipicha, ndipo tukaifungua ile folda bila hofu. Faili la ndoa lilikuwa na giga moja na kitu. Mpiga video, tulipompigia, akasema alilituma likiwa giga tatu na ushei. Ule mkia alioufuta kijana ulikuwa .crdownload, alama ambayo Chrome huliwekea faili ambalo halijamaliza kushuka. Bando lilikuwa limekwisha usiku.

Nusu ya faili la MP4 si nusu ya harusi. Ndani yake kuna sehemu iitwayo moov, orodha inayoeleza kila fremu imekaa wapi, na kamera na programu nyingi huiandika mwisho kabisa, baada ya picha na sauti zote. Faili likikatika kabla ya kufika hapo, picha zimo lakini hakuna anayejua zinaanzia wapi. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu italikataa na kukwambia. Sisi tulikuwa na mkusanyiko wa kodeki uliowekwa miaka mingi nyuma na duka lililotuuzia kompyuta, nao haukuweza hata kukataa. Tukauondoa. Tukaweka VLC, iliyozaliwa kutokana na mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996, ambayo hubeba kodeki zake yenyewe na haiombi za mtu.

Kijana alinyong’onyea. Bibi akamwita akae karibu naye, akamwambia aliyekesha kwa ajili yake halaumiwi.

Faili lilishushwa upya usiku ule, na asubuhi nililinganisha ukubwa na ule wa mpiga video mpaka tarakimu ya mwisho. Mkeka ukatandikwa tena. Kesha likapita salama. Ikaingia ndoa, kadhi anashika mkono wa bwana harusi, na kompyuta ikazima kama umeme umekatika. Taa za nyumba zinawaka.

“Si nilisema virusi?” Shemeji alikwisha simama.

Lakini safari hii dalili ilikuwa nyingine kabisa. Jana mashine iliwaka na programu moja ikaanguka. Leo mashine yenyewe imejikata, baada ya muda wa kucheza, bila onyo. Niliweka kiganja ubavuni mwake nikakiondoa haraka. Tulipofungua kifuniko, vumbi lilikuwa limefunga mapezi ya kipoozea kama blanketi. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi kwanza, na joto likizidi kupanda mashine hujizima ili isiungue. Na kazi tuliyoipa ilikuwa nzito kuliko tulivyodhani: mpiga video alibana video kwa HEVC, mfumo uliopitishwa mwaka 2013, unaopunguza faili karibu nusu ya H.264 ya mwaka 2003 kwa ubora ule ule. Intel waliweka sakiti kamili ya kuufungua katika kizazi cha sita, mwaka 2015. Yetu ni ya kizazi cha tatu, mtumba kutoka Uingereza, kwa hiyo kila fremu ilikuwa inafunguliwa kwa nguvu za prosesa tupu, katika joto la Tanga.

Tulisafisha kwa brashi laini, feni imeshikwa isizunguke, tukabadilisha ile pesti kati ya prosesa na kipoozea iliyokuwa imekauka na kuwa unga. Mpiga video naye, Mungu amzidishie, akatutolea nakala nyingine ya H.264 bila kudai shilingi.

Bibi aliitazama harusi yote. Pale bwana harusi aliposema amekubali, alitaka irudishwe, kisha irudishwe tena, akasema kijana anatamka vizuri. Alimtambua kila mtu aliyepita mbele ya kamera, na wawili watatu aliudhika kuwaona wamekaa mbele wakati shangazi zake bibi harusi wamesimama. Akampigia wifi Mwanza, akamwombea dua ndefu, kisha akamuuliza nani aliyepanga viti.

Halafu akatoa agizo: dada yake aliyeko Pangani apelekewe. Nakala ya H.264 ilikuwa imezidi giga nne, na flashi yetu ni FAT32, isiyopokea faili moja la ukubwa huo hata ikiwa tupu kabisa. Tungeweza kuigeuza exFAT, ila televisheni ya kule ni ya zamani na hatukuwa na hakika ingeisoma. Kijana akaikata harusi vipande viwili bila kuibana upya, cha kesha na cha ndoa, akavikagua kimoja kimoja mpaka mwisho kwenye televisheni ya jirani, na flashi ikapanda basi la mchana mkononi mwa kondakta anayemfahamu Bibi.