Mkia wa Futi 25

Harusi ya kifalme ikioneshwa kwenye televisheni, anayetaabika kwanza ni mwenye cherehani. Tarehe 29 Aprili 2011, Mwanamfalme William wa Uingereza alipomwoa Kate kule Westminster Abbey, London, hapa Mombasa ilikuwa saa saba mchana, siku ya Ijumaa, na shule zimefungwa. Wanaume wa nyumba yetu walikuwa msikitini, kwa hiyo hapakuwa na wa kutuzuia. Kabla maharusi hawajatoka kanisani, mabinti wa kaka yangu walishagawana vyeo, na mimi, shangazi mtu, nikatawazwa kuwa fundi wa ikulu.

Hoja walikuwa nayo. William alimposa Kate papa hapa Kenya, Oktoba 2010, upande wa Mlima Kenya. Posa imefanyika kwetu, walisema, harusi tutaiachaje?

Gauni lenyewe lilibuniwa na Sarah Burton wa Alexander McQueen. Mafundi wa Royal School of Needlework walioshikiza lesi kwa mkono walinawa kila baada ya nusu saa, na sindano wakazibadilisha kila baada ya saa tatu. Sindano yangu niliirithi kwa mama pamoja na cherehani, na mikono ya wasaidizi wangu ilikuwa na ukwaju wa viazi karai. Lesi tuliipata dirishani: mapazia ya sebuleni, yale ambayo Nyanya aliyanunua kwa ajili ya Idi. Nyanya alikuwa amelala. Gauni la Kate lina vifungo 58 mgongoni. Letu lilipewa vifungo vya kila shati lililostaafu nyumbani, na kimoja cha godoro. Shela tuliikata kwenye chandarua chenye dawa. Bibi harusi alipiga chafya tangu alipovikwa hadi alipovuliwa, ila mbu hakuna aliyemsogelea.

Bwana harusi alikuwa mtoto wa jirani, na alitupa kazi. William alivaa sare nyekundu ya Irish Guards. Chekundu tulichokuwa nacho sisi ni kitambaa cha meza chenye mananasi.

"Shangazi, mfalme gani anavaa mananasi?"

Nikamwambia yeye ni mjukuu wa malkia tu. Nguo atachagua siku akitawazwa.

Hayo yote yalikwenda. Mkia ndio uliotuumbua. Wa Kate ulikuwa na mita 2.7, urefu ambao mtu na akili zake anaweza kuupindia. Lakini binti mkubwa alishasikia habari za Diana, mama yake William, aliyeolewa mwaka 1981 na mkia wa futi 25, yaani mita saba na ushei, na hakutaka pungufu. Tukaunga pazia kwa pazia, uzi ukikatika kila tukifika penye marinda. Sasa mkia wa namna ile unataka kanisa kubwa la St Paul's, na hata huko Diana alifika umekunjamana, maana hariri ilibanwa ndani ya gari la farasi. Wetu ulianzia jikoni. Bibi harusi alishafika chini ya mwembe, na mwisho wa mkia bado ulikuwa unapita kwenye karai la samaki. Kuku akapanda na vifaranga wake, akasafirishwa kwa heshima zote. Aliyekuwa Pippa, mdogo wake Kate, mwenye kazi ya kuuinua mkia, kumbe anaogopa kuku. Hapo ndipo Nyanya alipoamka, akasimama kizingitini na kuuliza:

"Mbona dirisha langu linatembea?"

Tangu siku hiyo nashona chochote, alimradi hakina mkia. Meghan alipoolewa na mdogo wake William kule Windsor mwaka 2018, na shela yake ya mita tano, mlango wangu niliufunga kwa komeo.

Kilichobaki ni kofia. Binti mdogo alitaka kuwa Beatrice, binamu yake William, ambaye kofia yake iliyobuniwa na Philip Treacy ilichekwa dunia nzima. Yetu niliitengeneza kwa waya wa henga na boksi la sabuni, na kwa kuwa haikupita mlangoni, mwenyewe akalia pilau nje. Ile ya Beatrice iliuzwa eBay kwa zaidi ya pauni 81,000, na fedha zikasaidia watoto. Yetu ingali juu ya kabati. Mwenye kuitaka aje tupatane bei, ila aje na mkokoteni.