Sifa za Gitaa la Besi la Kwaya

Watu wa pwani wana bahari ya kusifu. Sisi wa Zuzu, Dodoma, tuna gitaa la besi la kwaya yetu, linalonguruma kabla halijapigwa, na huo ndio wema wake mkubwa.

Ngurumo yenyewe ina adabu. Ukigusa nyuzi, kimya. Ukiondoa kidole, inaanza upya kama mashine ya kusaga. Kitufe cha sauti kiling'oka zamani, na ukithubutu kuchomoa waya, spika inapiga kishindo cha kuamsha watoto waliolala migongoni. Basi mpiga besi, ndiye mimi, hana budi kuliwekea mkono mahubiri yote, dakika 40, kama mama aliyeshika paji la mtoto mwenye homa. Hasinzii. Hachungulii simu. Nzi akimtua puani, anamsamehe. Nadhani katika usharika mzima ni mimi peke yangu ninayeweza kukusimulia mahubiri ya Jumapili yoyote utakayo, wala si kwa uchaji. Ni jeki, lile tundu la waya, iliyolegea. Umeme ukikatika na kurudi, hakuna haja ya kutazama taa, gitaa linatangaza. Kituo kikubwa cha kupoza umeme wa gridi ya taifa si kiko hapa hapa Zuzu? Linasalimia nyumbani.

Sifa nyingine ni ndogondogo. Kiangazi cha Dodoma kinasinyaza ubao wa shingo, vichuma vyake vinachomoza pembeni, na kidole kikiteleza kinatoa sadaka ya damu. Uzi wa nne ni waya wa breki ya baiskeli. Rangi imebanduka pale mkono unapoegemea. Usicheke: Fender ya Marekani, iliyoanza kuuza besi za umeme mwaka 1951, tangu miaka ya 1990 inauza magitaa mapya yaliyokwanguliwa makusudi yafanane na hili letu, na mnunuzi analipia ule mkwaruzo. Sisi tumekwanguliwa bure.

Tena linafundisha uongozi. Kila mwaka tunachangia "vyombo". Mwaka mmoja vyombo vilikuwa sare za kitenge. Uliofuata, viatu. Safari hii ni spika, ndefu kuliko mwalimu wa kwaya, ili ngurumo ifike barabarani. Jeki mpya pamoja na kulehemu, fundi redio kaniambia shilingi 5,000. Elfu tano, jamani! Nimeomba mara tatu. "Mwanangu, hilo lisubiri kikao." Nikasema basi nitoe mfukoni mwangu. Nikaambiwa mali ya kwaya haiguswi bila kibali. Haiguswi, na mimi nimeishika dakika 40 kila Jumapili!

Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu huu, alizunguka dunia na zeze lake na ilimba. Zeze halina waya wa umeme. Halina kamati pia.

Kikao ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Ajenda ya kwanza ni rangi ya sare za Pasaka. Gitaa limewekwa kwenye mengineyo.