Mpira Ukishuka Bondeni, Robo Imekwisha

Sina ugomvi na watu warefu. Ugomvi wangu ni na saa kumi usiku, na mpwa wangu aliyeona hiyo ndiyo saa ya kunigongea dirisha.

"Mjomba, una bando?"

Dirisha likigongwa saa hiyo hapa Zirai, katikati ya masika, ama kuna msiba ama kuna mzazi wa kubebwa kwenye machela. Nilikuwa nimeshavaa koti na kushika tochi, nahesabu moyoni ni nani aliyekuwa mgonjwa. Kumbe Marekani vijana wa shule wanacheza mpira wa kikapu. Kule New York ni saa tatu usiku, watu wameshiba, wamekaa vitini. Huku kwetu ukungu umeingia hadi uvunguni.

Na mtandao wa Zirai haukufuati, unaufuata wewe. Wa kwangu unakaa kwenye kisiki cha mkaratusi nyuma ya banda la mbuzi, na unapenda uusubiri ukiwa umeegemea kushoto. Tukasimama pale, mimi na simu, yeye na mwamvuli, kwa kuwa ndiye mrefu. Mwamvuli wa mtu mrefu, ndugu msomaji, haumkingi mfupi. Unamwonyesha tu mvua inakopitia.

Mechi yenyewe, kama nilivyoelezwa huku nikilowa, iko hivi. Kila mwaka vijana wanaomaliza sekondari Marekani nzima wanachujwa mpaka wanabaki 24, 12 wa mashariki na 12 wa magharibi. Wanacheza mechi moja tu. Jambo hili lilianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na jina limetolewa na McDonald's, wauza mikate yenye nyama katikati. Michael Jordan alipita hapo mwaka 1981 akafunga pointi 30. LeBron James alipita 2003. Wengi wao wanafika uwanjani vyuo vikuu vimeshawagombania mpaka basi. Siku ya kutangaza chuo, kijana anapangiwa kofia mezani, kila kofia na chuo chake, ananyoosha mkono anachukua moja anaivaa, na mama yake analia.

"Na ada?" nikauliza.

"Wanasomeshwa bure, Mjomba."

"Na chakula?"

"Bure."

Nikanyamaza. Huyu huyu anayenieleza habari za bure nilimnunulia godoro, ndoo, jembe, fagio la chelewa na rimu mbili za karatasi ndipo akapokelewa bweni. Hakuna aliyempangia kofia. Kofia aliyokwenda nayo ilikuwa yangu, na mpaka leo siijui iliko.

Baada ya dakika chache nikagundua kitu kingine: hakuna anayekaba. Kijana anakuja na mpira, wenzake wanampisha kama bwana harusi, anaruka anaudidimiza, wote wanacheka. Pointi zinapita mia. Nikasema hii si mechi, ni sherehe ya kumaliza shule, ila wamesahau pilau.

Mpwa wangu kuona nimenuna akanitolea watu wa Lubumbashi. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, mji wa watu wanaosema Kiswahili kama mimi nawe, alichezea mechi hii hii mwaka 2019, na 2022, akiwa chuo cha Kentucky, akatajwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Kabla yake Bismack Biyombo, wa Lubumbashi vilevile, alicheza mechi nyingine ya vijana pale Portland mwaka 2011, timu ya dunia dhidi ya Wamarekani. Akafunga pointi 12, akadaka rebaundi 11, akazuia mitupo 10. Hapo nilikubali kidogo. Mtu aliyezuia mitupo kumi hakuja kwenye sherehe, alikuja kazini.

Lakini ukishaanza habari hizi na mtoto mrefu wa Kitanzania, lazima utaishia kwa Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar es Salaam, mita 2.21, alisoma sekondari Houston, akapita Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa 2 katika uchaguzi wa NBA. Mtanzania wa kwanza kufika huko. Sisi watu wazima huwa tunaishia hapo. Mpwa wangu akaendelea: mwaka ule aliyechukuliwa wa 7 alikuwa Stephen Curry. Nikamwambia jina hilo halitajwi nyumbani kwangu. Akanikumbusha kwamba tuko nje, tunanyeshewa.

Tangu mwaka ule, kijana akipita mlangoni kwa kuinama, watu hawamuulizi hali. Wanamuuliza kwa nini bado yuko hapa.

Bando likakata robo ya tatu. Nikadhani yamekwisha.

Masika yalipopita, waliomaliza kidato cha nne wakawa mitaani wanasubiri orodha ya kidato cha tano, yaani wamekaa juu ya mawe kutwa wakifungua simu zangu na zako. Mpwa wangu akawakusanya. Watafanya mechi ya nyota waliomaliza: wa Juu dhidi ya wa Chini. Mdhamini, akasema, ni Mjomba. Nikauliza mdhamini anafanya nini. Nikaambiwa ananunua mpira.

Uwanja wa kikapu unaotambulika una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15. Nani atakupa mita 28 za tambarare katika milima hii? Huku hata chai ya kikombeni imeinama. Tambarare pekee tuliyoipata ilikuwa mahali pa kuanikia iliki, na palikuwa na mikeka sita na mwenyewe. Nikaenda kwa adabu zote.

"Shikamoo, mama. Vijana wanaomba pa kufanyia mechi."

"Marahaba. Mechi kilo shilingi ngapi?"

Tukapewa upande uliobaki, ambao ni ule unaoshuka. Ringi, ya baiskeli ya marehemu baba, ikapigiliwa kwenye mkaratusi ukingoni. Fundi seremala akaleta futi yake. Ukisimama upande wa juu, ringi iko mita 2 na nusu. Ukisimama upande wa chini, ni 3 na ushei. Sheria inataka 3.05, kwa hiyo kwa wastani tulikuwa karibu na sheria. Timu ya Chini walilalamika kwamba wenzao wanazaliwa na faida, na ugomvi huo ulichukua muda mrefu kuliko mechi.

Mimi nilipewa cheo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa mwamuzi, mimi nikawa "mlinzi wa bonde". Tafsiri yake: nisimame chini kabisa ya ukingo, kwenye magimbi, nizuie mpira usiende mtoni.

Mtupo wa kwanza uligonga mti, ukanipita juu ya kichwa, ukashuka. Tuliusikia kwa muda mrefu. Uliporudi, robo ya kwanza ilikuwa imekwisha. Robo ya pili mchunga mbuzi wa kule bondeni alishaiona biashara, akawa haurudishi mpira bila shilingi 200. Mdhamini ni nani? Nikalipa mara tisa. Kitu kimoja nitawapa sifa: vijana wa Zirai wanakaba. Walikabana mpaka shati la mmoja likabaki kola, na mechi ikafika 4 kwa 4. Hapo mpwa wangu akakimbia kutoka upande wa juu, akaruka, akaudidimiza kama wale wa kwenye simu. Akashuka na ringi mkononi, msumari ukiwa bado umo.

Kimya. Mwenyekiti hakujua kama hiyo ni pointi au ni uharibifu wa mali.

Hapo ndipo nilipomwona mzee mmoja mwenye shamba la karafuu, aliyekuwa amekaa pembeni tangu mwanzo bila kushangilia. Alikuwa akitazama mikono yao. Akasimama, akamsogelea mpwa wangu, akamwambia anyooshe mkono juu. Akapima kwa macho kutoka kidoleni hadi chini.

"Mghoshi, wewe huhitaji ngazi. Hutanivunjia matawi. Jumatatu saa kumi na mbili uwe shambani."

Akachagua wengine watatu, wote warefu, bila kuuliza nani alifunga ngapi. Magunia yalikuwa yamewekwa juu ya jiwe, matatu. Mpwa wangu akayatazama, akatikisa kichwa kidogo kama anayefikiri, akanyoosha mkono akachukua la katikati, akajitupia begani. Vijana wakapiga makofi.

Dada yangu akalia. Akamwambia alirudishe, hilo ni lake la mahindi.