Hongera, Daktari John

Wanaomlaumu John, yule mume daktari katika hadithi ya kutisha ya Charlotte Perkins Gilman ya 1892, hawana shukrani. Mkewe katoka kujifungua, roho haitulii. Bwana akapanga jumba zima kwa ajili yake! Akampa chumba cha juu chenye hewa safi, nondo madirishani asije akaanguka, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni kisije kikamtoroka usiku. Ukutani, karatasi za manjano za kumliwaza macho. Kuandika akampiga marufuku, maana kunachosha. Mke akisema anaumwa, John, msomi wetu, humhakikishia kwamba haumwi. Nani ajuaye maumivu kuliko asiyeyasikia? Mwishowe bibi akawa anatambaa kuuzunguka ukuta. Mazoezi hayo, jamani! Aliyezimia ni daktari, na hakuna aliyemwandikia mapumziko.